Shettihalli: Kanisa linalozama kila mwaka

Wafaransa walilijenga, bwawa likalimeza, wageni wa mwisho wa wiki wakaligundua upya. Sasa kila mtu analipiga picha, na hakuna anayelitunza

Jumamosi asubuhi mwezi Februari, magari kutoka Bengaluru huwasili Shettihalli yakiwa yamejaa vijana, kamera na chupa za maji. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna mlinzi. Barabara ikiishia, baadhi ya madereva hawasimami. Huteremka hadi kwenye ardhi ambayo miezi michache nyuma ilikuwa chini ya maji, hupita juu ya tope lililokauka na kupasukapasuka, kisha huegesha ubavuni kabisa mwa kanisa.

Kanisa lenyewe halina paa. Halina mlango, dirisha wala benchi. Kilichobaki ni kuta ndefu na safu za matao yaliyochongoka, yakipanda kuelekea mbingu iliyo wazi. Mahali palipokuwa na waumini pameota majani, na ng'ombe wa vijiji vya jirani huja kula humo bila kuulizwa na mtu.

Sogea karibu na ukuta. Utaona alama ya maji, mstari wa rangi ya kahawia uliojichora kutoka pembe hadi pembe. Juu ya mstari huo lipu ya chokaa bado imeng'ang'ania, na mahali pengine urembo uliofinyangwa na fundi unaonekana vizuri. Chini yake mambo ni mengine. Tofali zimelika pembe zikawa mviringo, chokaa iliyozishikanisha imetoka, na katika baadhi ya nyufa kidole kinaingia chote. Makome ya konokono wa maji baridi yamekwama humo tangu maji yalipoondoka.

Bi harusi mtarajiwa ameletwa kwa picha za kabla ya ndoa. Mpiga picha anamwelekeza apande juu ya kipande cha ukuta kilichovunjika ili tao limzunguke kama fremu. Anapanda. Vipande viwili vya tofali vinaporomoka chini ya kiatu chake, watu wanacheka, kazi inaendelea.

Rudi mwezi Agosti na hutaweza kutembea hapo. Mvua zinazoletwa na pepo za kusi zitakuwa zimejaza bwawa, na kanisa litakuwa limesimama majini hadi kwenye mabega ya matao. Wageni wa msimu huo hulitazama kutoka ukingoni, au hukodi mtumbwi wa wavuvi wa huku, wa duara kama ungo, uliosukwa kwa mianzi na kupakwa lami.

Hivi ndivyo ilivyo tangu bwawa lilipojaa mwishoni mwa miaka ya 1970. Nusu mwaka majini, nusu mwaka juani. Jengo la chokaa na matofali halikuundwa kwa maisha ya namna hiyo, na picha za miaka tofauti zinaonyesha kuta zikipungua. Swali linaloulizwa mjini Hassan na hata Bengaluru ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: kanisa hili liokolewe, au liachwe limalizike?

Kahawa, Wafaransa na matao

Shettihalli ipo wilaya ya Hassan, jimbo la Karnataka, kusini mwa India, mwendo wa kilomita 20 na ushei kutoka mji wa Hassan. Magharibi yake ardhi inaanza kupanda kuelekea Sakleshpur na milima ya Ghats, nchi ya kahawa.

Kanisa la Rozari lilijengwa miaka ya 1860. Wakati huo ufalme wa Mysore ulikuwa chini ya utawala wa makamishna wa Kiingereza, waliouendesha kuanzia 1831 hadi 1881, na walowezi wa Kiingereza walikuwa wakifungua mashamba ya kahawa huko Sakleshpur na Alur. Lakini wamisionari Wakatoliki waliokuwa wakihudumia eneo hilo walikuwa Wafaransa, wa Shirika la Misioni za Nje la Paris. Ndiyo sababu wakulima wa Kikannada na walowezi wa Kiingereza walijikuta wakisali ndani ya jengo lenye ladha ya Ufaransa.

Mtu wa kwanza kutajwa katika habari hizi huwa ni Abbé Jean-Antoine Dubois. Alifika India mwaka 1792, na Srirangapatna, mji mkuu wa Mysore wa wakati huo, ulipoanguka mwaka 1799 alipelekwa kuwakusanya upya Wakristo wa Mysore. Alivaa kama wenyeji na kula kama wao, akaanzisha vijiji vya wakulima Wakristo, Sathalli ya hapa Hassan ikiwamo, na akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuhimiza chanjo ya ndui katika sehemu hizo. Kitabu chake kuhusu mila za Wahindu kilinunuliwa kikiwa bado muswada na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki.

Kuna simulizi za watalii zinazompa Dubois sifa ya kulijenga kanisa la Shettihalli. Haiwezekani. Aliondoka India mwaka 1823 na kufariki Paris mwaka 1848. Alichoacha ni waumini. Waliokuja baada yake ndio waliowajengea nyumba ya kusalia, na hao majina yao hayatajwi na mtu.

Mtindo waliouchagua ni wa Kigothi, uliozaliwa karibu na Paris katika karne ya 12. Karne ya 19 Ulaya iliufufua kwa nguvu, na wakoloni na wamisionari wakausafirisha duniani kote. Anayelijua Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, ameshaziona dalili zake: tao lenye ncha, dirisha refu jembamba, mnara unaoelekeza macho juu.

India inayo mengi ya aina hiyo. Mtakatifu Paulo la Kolkata liliwekwa wakfu mwaka 1847. Kanisa la Waafghani la Mumbai lilifuata mwaka 1858. Medak, karibu na Hyderabad, kuna kanisa kuu lililofunguliwa Krismasi ya 1924, lililojengwa na watu wa vijiji waliokuwa wakilipwa chakula wakati wa njaa. Na Mysore, saa chache tu kutoka Shettihalli, minara miwili ya Mtakatifu Philomena imenyooka juu ya mji tangu miaka ya 1930. Yote hayo yana paa, yana mapadri au wachungaji, yana masanduku ya sadaka.

La Shettihalli halina hata kimoja, na huenda ndilo linalopigwa picha kuliko mengi ya hayo.

Waongozaji wa wageni husimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na sukari guru na mayai, ndiyo maana bado limesimama. Kuhusu hili wasidharauliwe. Mafundi wa kusini mwa India kwa karne nyingi walitia sukari guru na vitu vingine vya asili katika chokaa ili ishike vizuri na isipenywe upesi na maji. Kama ndivyo ilivyokuwa hapa, ni ufundi wa wenyeji uliobeba ramani ya Wafaransa.

> Limesimama miaka zaidi ya 40 majini na juani. Si muujiza; ni chokaa nzuri na msingi mzuri, na vyote viwili vina mwisho.

Ukuta wa mita 58

Mto Hemavathi unaanzia katika milima ya Ghats, wilaya ya Chikkamagaluru, na baada ya kilomita 245 hivi unaingia katika mto Kaveri karibu na bwawa la Krishnarajasagara. Huko Gorur, chini ya Shettihalli, serikali ya Karnataka iliukinga kwa ukuta wenye kimo cha mita zaidi ya 58 na urefu wa karibu kilomita 4.7. Bwawa lilikamilika mwaka 1979. Likijaa, linafunika hekta 8,502 na kuhifadhi futi za ujazo bilioni 37 za maji.

Ndani ya hekta hizo zilikuwamo mashamba, visima, makaburi, njia za ng'ombe na vijiji vizima. Watu walihamishwa. Shettihalli ilihamishwa. Vitu vya kanisa vinavyobebeka viliondolewa, na jengo likaachwa lisubiri maji.

Wakati ule hilo halikushangaza wengi. India iliyopata uhuru mwaka 1947 iliyaona mabwawa kuwa ndiyo njia ya kutoka katika njaa, na aliyepinga alionekana anapinga maendeleo. Kanisa moja la wakulima wachache lilikuwa na uzito gani mbele ya mifereji ya maeneo ya Hassan, Mandya na Tumakuru?

Hata leo uzito huo haujabadilika sana, na hapo ndipo wanaotaka kuliokoa wanapogonga mwamba.

Tone lisilo na nafasi

Wazo la kwanza linalomjia mgeni ni kwamba maji yapunguzwe kidogo. Bwawa lishushwe kina kwa mita chache, kanisa libaki nchi kavu, mambo yaishe.

Mgeni huyo hajui ugomvi wa Kaveri.

Karnataka na jimbo jirani la Tamil Nadu zinagombania maji ya mto huo tangu enzi za ukoloni. Watangulizi wao, Mysore na Madras, walitia saini mkataba mwaka 1892, kisha mwingine mwaka 1924. Karnataka ilipoanza kujenga mabwawa mapya kwenye mito inayolisha Kaveri, Hemavathi ukiwamo, Tamil Nadu ililalamika kwamba maji yake yanafungiwa juu. Baraza la usuluhishi liliundwa mwaka 1990. Amri yake ya muda ya mwaka uliofuata ilizusha ghasia zilizoua watu. Uamuzi wa mwisho ulitolewa mwaka 2007, na hata huo haukuishia hapo. Septemba 2016 mabasi na malori yalichomwa moto Bengaluru kwa sababu ya maji hayohayo.

Februari 2018 Mahakama ya Juu ya India ilitoa hukumu: Karnataka iiachie Tamil Nadu futi za ujazo bilioni 177.25 kwa mwaka. Kilichobaki ni cha wakulima wa Karnataka na cha wakazi wa Bengaluru, mji wenye mamilioni ya watu wanaonunua maji kwa magari ya matangi kiangazi kikikaza.

Ndani ya Karnataka kwenyewe hakuna amani. Wakulima wa Tumakuru wamekuwa wakiandamana kupinga mfereji mpya wanaohofia utahamishia maji ya Hemavathi kwa majirani zao. Waziri atakayesimama mbele ya watu hao na kuwaambia kwamba bwawa litajazwa pungufu ili magofu ya kanisa yapumue, siku hiyohiyo aandike barua ya kujiuzulu.

Na kwa haki, wakulima hao wako sahihi. Mpunga na miwa vina wenyewe, na wenyewe wana watoto. Tuliondoe wazo hilo mezani.

> Maji ya Hemavathi yameshapangiwa kazi hadi tone la mwisho. Kanisa halimo katika hesabu.

Mahekalu yalihamishwa

Wazo la pili ni kulihamisha. Hili si ndoto, kwa sababu India imeshafanya hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Ukuta wa Nagarjuna Sagar ulipoanza kujengwa kwenye mto Krishna mwaka 1955, bonde lililokuwa linakwenda kuzama lilikuwa na mabaki ya mji wa Wabudha wa karne ya tatu. Wanaakiolojia walichimba mfululizo hadi mwaka 1960, wakahamishia sehemu ya mabaki kwenye kilele cha kilima. Kilima hicho sasa ni kisiwa chenye jumba la makumbusho, na watu hufika kwa boti. Bwawa la Srisailam lilipofuata, hekalu la Kudavelli lilivunjwa na kusimamishwa tena Alampur.

Mfano wa karibu zaidi upo kwenye mkondo huohuo wa Kaveri. Bwawa la Krishnarajasagara, lililoanza kujengwa mwaka 1911, lilizamisha kijiji cha Kannambadi pamoja na hekalu lake la Venugopala la karne ya 12. Miongo mingi baadaye, ukame ulipolifichua, taasisi ya familia ya wafanyabiashara ya Khoday iligharimia kulibomoa jiwe baada ya jiwe na kulisimamisha upya ukingoni mwa bwawa. Leo lina wageni na bustani.

Kwa nini isiwe hivyo Shettihalli? Jibu la kwanza ni la kiufundi. Hekalu la mawe limepangwa kwa vipande vikubwa vilivyochongwa kukaana. Unaviandika namba, unavibeba, unavipanga. Ukuta wa Shettihalli ni maelfu kwa maelfu ya matofali yaliyoshikwa na chokaa na kufunikwa lipu. Ukiubomoa, unabaki na rundo la matofali. Utakachojenga juu ya kilima kitakuwa nakala.

Jibu la pili husemwa kwa sauti ya chini. Wakristo ni asilimia 2.3 ya watu wa India kwa sensa ya 2011. Hekalu la Kannambadi lilikuwa na tajiri na mamilioni ya waumini nyuma yake. Magofu haya yana kamera.

Nisieleweke vibaya. Sioni ushahidi kwamba Shettihalli iliachwa kwa chuki ya dini; mahekalu mengi ya Kihindu yamezama pia katika mabwawa ya India na hayakuhamishwa. Hekalu la Palasdev kule Maharashtra bado linaibuka kila bwawa la Ujani linapokauka, na watu hukimbilia kulitazama kama huku. Lakini ni kweli pia kwamba jengo lisilo na wenyewe wanaosikika huwa la mwisho katika foleni ya bajeti.

Pembeni tu ya Hassan upo ushahidi wa kinachowezekana. Mahekalu ya Belur na Halebidu, ya karne ya 12, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwezi Septemba 2023 pamoja na lile la Somanathapura. Yana walinzi, bustani na vibao. Mtalii huyohuyo anayevua viatu na kunyamaza Belur asubuhi, jioni yuko Shettihalli amekalia dirisha la kanisa.

Waliache lizame?

Wapo wanaosema liachwe. Hoja yao haipaswi kupuuzwa, maana mara nyingi ni watu wanaolipenda.

Wanasema uzuri wa mahali hapa ni huko kuzama. Ukilizungushia seng'enge, ukaweka taa, choo cha kulipia na mkahawa, utakuwa umeliua kabla ya maji. Wanaogopa saruji, na wana haki. Magofu mengi yameharibiwa na mafundi waliotumwa kuyaokoa. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kale na haipitishi unyevu kama chokaa inavyopitisha. Maji yaliyoingia ukutani hukosa pa kutokea, hutokea kupitia tofali, na tofali hubanduka uso hadi likaisha. Kiraka kinabaki kizima, ukuta unakufa kukizunguka.

Wengine hutazama upande wa waliohama. Kwa mtu ambaye shamba la babu yake liko chini ya tope lilelile, kumwona kijana wa mjini akilia kwa ajili ya matao ni kichekesho kichungu. Bwawa lilichukua nyumba na minazi, na hakuna anayekodi gari mwisho wa wiki kwenda kutazama msingi wa nyumba ya mkulima. Kama serikali ina fedha, wangesema, ianze na walio hai.

Hoja hiyo ndiyo iliyonisumbua zaidi katika kuandika habari hii. Lakini ukiifuata hadi mwisho, inaelekeza kwingine. Katika eneo lote lililozama, kanisa ndiyo alama pekee kubwa inayoonekana kwamba hapa waliishi watu. Nyumba za udongo zimeyeyuka. Visima vimejaa mchanga. Likianguka kanisa, bwawa litakuwa bwawa tu, na habari ya kuhamishwa itabaki katika majalada ya idara ya maji.

Kuna na suala la kawaida kabisa la usalama. Tao la Kigothi husukuma kuta kwenda nje wakati wote. Ndiyo maana wajenzi waliziegemeza kwa nguzo nene za pembeni. Nguzo moja ikilika chini, uzito wake unahamia kwa jirani. Na maji ya bwawa huondoka upesi kuliko unyevu ulio ndani ya ukuta, kwa hiyo miezi ya mwanzo ya kiangazi, wageni wanapoanza kumiminika, ndipo kuta zinapokuwa zimelowa ndani na kulemewa. Juu yake wamepanda watu. Chini yake wameegesha magari.

> Katika hekta 8,502 za maji, hii ndiyo alama pekee kubwa kwamba hapa waliishi watu.

Kilwa ilivyofanya

Kati ya kulihamisha na kuliacha kuna njia ya tatu, na sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Bahari ilikuwa ikiyala kwa mawimbi na mimea ikiyapasua kwa mizizi, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi iliyofuata haikuwa ya kujenga upya msikiti wala ikulu. Kuta ziliimarishwa zilivyo, kwa chokaa. Mimea iliondolewa. Ukingo wa bahari ulikingwa. Watu wa kisiwani walishirikishwa katika matunzo. Mwaka 2014 magofu yalitolewa katika orodha hiyo.

Bila shaka Shettihalli si Kilwa. Mawimbi ya Kilwa yanagonga ukingo. Maji ya Hemavathi yanaingia ndani ya jengo na kukaa miezi. Hakuna fundi atakayeahidi karne nyingine mbili. Lakini kazi za awali ni zilezile, na hakuna hata moja inayohitaji mabilioni: kupima na kuchora kila ukuta kwa vyombo vya kisasa ili hata lile litakaloanguka libaki kwenye kumbukumbu, kufunika vichwa vya kuta kwa chokaa ili mvua isipenye kutoka juu, kujaza misingi ilipochimbwa na maji, kung'oa miche ya miti ingali midogo.

Sheria ipo. Sheria ya India ya mwaka 1958 kuhusu majengo na maeneo ya kale inaruhusu kulindwa kwa jengo lolote lenye thamani ya kihistoria lililotimiza miaka 100, na Karnataka ina sheria yake tangu 1961. Kanisa hili lilivuka umri huo kabla bwawa halijakamilika. Idara ya Akiolojia ya India inasimamia zaidi ya majengo na maeneo ya kale 3,600 nchi nzima na inalalamikiwa kwa kulemewa, hivyo anayetegemea Delhi atasubiri sana. Jimbo, idara ya maji yenye bwawa, na kanisa Katoliki la huko wanaweza kuanza bila Delhi.

Wakivutana ni nani alipe, nina pendekezo: magari. Kila mwisho wa wiki yapo pale. Yazuiwe mita 200 kutoka kwenye ukuta, yalipie maegesho, na wanaokusanya ada hiyo wawe vijana wa familia zilizohamishwa. Mlinzi atapatikana, na mzaliwa wa mahali atapata kipato kutokana na maji yaliyomnyang'anya shamba.

Ukitaka kwenda

Kutoka Bengaluru hadi Hassan ni karibu kilomita 185 kwa barabara. Tangu 2017 ipo pia reli ya moja kwa moja inayopita Shravanabelagola, mahali pa Wajaini penye sanamu ya Gommateshwara yenye kimo cha futi 57, iliyochongwa kutoka mwamba mmoja karne ya 10. Ukishuka hapo kwanza, siku yako haitapotea. Hassan zipo hoteli za kila mfuko, na kutoka mjini hadi Shettihalli unakodi teksi au bajaji. Beba chakula na maji. Kanisani hakuna duka. Taka zako rudi nazo.

Jumapili iache kwa Belur na Halebidu.

Ukitaka kuingia ndani ya kuta, nenda kati ya Januari na Mei. Ukitaka kuliona likiwa majini, nenda Agosti au Septemba, na uridhike kulitazama kutoka mbali. Msimu wa mvua usikubali kupelekwa na mtumbwi chini ya matao, hata mwenye mtumbwi akisema ni salama. Kiangazi gari liache barabarani na utembee kwa miguu. Usipande ukuta kwa ajili ya picha, na mpiga picha wako akikuelekeza upande, mkatalie.

Kwa serikali ya Karnataka neno ni fupi. Mvua hufika Juni, na kufikia Julai bwawa linapanda. Kazi ya fundi chokaa ina miezi mitano tu katika mwaka, Januari hadi Mei. Ianze msimu ujao, na ianze na vipimo, kwa sababu ukuta ambao haujapimwa ukianguka hakuna atakayeweza kusema ulikuwaje.